Kangaga Langu Limeliwa na Nguruwe

Jumamosi, Njombe. Manyunyu tangu asubuhi, ukungu mpaka mlangoni mwa gesti, na mimi nanuka banda la nguruwe.

Nimeoga mara mbili. Harufu bado ipo, na hasira nazo zipo.

Tuanze na Alhamisi. Niko ofisi ya walimu pale Makambako, nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, ujumbe ukaingia kwenye simu. Mhariri wa jarida. Wanaonisoma siku zote wanajua nimelisubiri jibu lile kiasi gani. Kwa mgeni, ni hivi: mwaka jana, kwenye korongo moja ng'ambo ya Matembwe, nilikuta kangaga ambalo halimo kwenye kitabu chochote. Kangaga, ule mmea usio na maua, wenye vumbi la uzazi mgongoni mwa jani. Hili langu lina majani mafupi, bua jeusi, na vumbi lake limejipanga ukingoni tu. Mtaalamu mmoja wa Dar alilitazama akaniambia, "Mwalimu, hili ni jipya." Tukaandika maelezo yake pamoja. Mimi, mwalimu wa bailojia wa shule ya kata, nikaanza kuota jina langu kwenye jarida.

Sasa mhariri anasema majani mawili makavu hayatoshi. Anataka mmea mzima: lile shina la chini linalotambaa udongoni, pamoja na magamba yake, kwa sababu hapo ndipo makangaga ya aina hii hutofautiana. Bila shina, maelezo hayachapwi, na kangaga langu linabaki halina jina.

Yaani shina. Kitu ambacho ningekichimba kwa dakika tano!

Kwa nini sikuchimba? Niseme ukweli, leo sina sura ya kuficha. Niliogopa. Huku kwetu, tangu habari za chuma cha Liganga zianze, ukionekana na jembe na daftari kwenye shamba la mtu, basi wewe ni mtu wa madini. Maswali, mwenyekiti wa kijiji, vikao. Na tuseme yote: niliogopa pia mtu mwingine asije akalidaka kabla yangu. Basi mwenye shamba, Mama Upendo, nikamwambia natafuta uyoga. Nikachuma majani mawili, nikayaficha ndani ya gazeti. Wakati napanda kutoka korongoni nikateleza, nikachana suruali mbele yake.

Alhamisi ile ile nilimpigia simu kwamba narudi korongoni. Leo nimefika kwake kwa bodaboda, nimelowa chapachapa, lakini moyo mweupe. Akanipokea kwa "Kamwene, mwalimu!" ya nguvu, akanishika mkono kabla sijakaa.

"Njoo uone. Nimekutengenezea, usianguke tena."

Jamani.

Korongo lote limefyekwa. Amechonga ngazi kwenye udongo, nzuri kabisa, kutoka juu mpaka majini. Kingo za pande zote mbili zimebaki tupu. Na si kwa panga tu, ni kwa jembe, mpaka mizizi. Ile kona yenye unyevu, mahali pekee duniani ninapojua kangaga lile linaota, pamesimama mche wa parachichi.

Nikauliza majani yameenda wapi, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Akasema amewatandikia nguruwe.

Nguruwe hufukua mizizi na kuila. Hilo nalifundisha mwenyewe darasani. Nikaruka uzio wa banda, nikapiga magoti, nikapekua matope kwa vidole huku nguruwe dume akinisukuma kiunoni. Nilichopata ni kipande cha shina cha urefu wa kidole gumba, kimetafunwa, hakina gamba hata moja. Mama Upendo alianza kwa kucheka. Kisha akauona uso wangu, akaacha.

Hapo hapo kwenye matope nikamweleza yote. Kangaga, mhariri, uongo wa uyoga.

"Ungesema, baba," akaniambia. "Kwani ningekunyima?" Halafu akaongeza, "Na huo uyoga nilijua ni uongo. Mtu gani anatafuta uyoga halafu anaukanyaga? Nikasema huyu anamfuata binti wa jirani. Ndiyo maana nikakutengenezea njia."

Nilitaka kumkasirikia. Nimejaribu njia nzima ya kurudi Njombe, imeshindikana. Mama wa watu amelima siku mbili, mgongo unamuuma, kwa sababu ya suruali yangu.

Alipokuwa ananimiminia maji ninawe, akalitaja kangaga lile kwa Kibena, kirahisi tu, kana kwamba anamtaja mtoto wa dada yake. Anasema walipokuwa wasichana walilitandika ndani ya vikapu ili uyoga usivunjike. Walilichuma kule juu, kwenye chanzo cha mto, karibu na shamba la marehemu mama yake. Hajafika huko miaka mingi. Amesikia tu kwamba wamepanda paini, ile miti ya mbao isiyoacha kitu kiote chini yake.

Kesho akitoka misa tunakwenda wote wawili.

Nimefungua andiko letu kwenye kompyuta. Ukurasa wa kwanza, kwa mkono wangu mwenyewe: "Jina la wenyeji: halijulikani." Mtaalamu aliniuliza mara mbili kama nina uhakika, nikajibu ndiyo. Sikuwa nimemwuliza mtu hata mmoja, maana kuuliza kungeniumbua.

Nimelifuta. Nimeandika lile la Mama Upendo, alivyonitamkia. Kwa hiyo kuanzia leo kangaga langu lina jina, na sijui kama bado lipo.

Jembe nimeliazima kwa mwenye gesti. Nitalibeba begani mchana kweupe, kijiji kizima kione, na atakayeuliza nitamjibu. Ee Mungu wangu, tusikute paini tupu.