Atomu Isiyo na Barabara

Jumatatu, 14 Julai

Elektroni sita za kaboni zinazunguka vizuri. Mbili pete ya ndani, nne ya nje. Simu haikwami tena. Ijumaa naupeleka mchezo huu wa simu nilioutengeneza Kilolo, kwa Dada Sekela, mwalimu wa kemia. Amenipa kipindi kimoja na wanafunzi wake. Shule mbili hapa Mbeya zimeshanikatalia. Dada naye akikataa, kazi ya miezi minane imekwisha.

Jumanne, 15 Julai

Nilimtumia video. Akapiga simu palepale. Habari za mama kwanza, kisha: "Mdogo wangu, elektroni siyo bajaji. Nani kakwambia ina barabara?"

Nikamkumbusha kwamba hata yeye huchora pete ubaoni. Akasema huzichora kwa ajili ya mtihani, na kila mwaka zinamkera. Zikianza kutembea, mtoto ataziamini maisha yake yote. Hataki.

Nimekasirika. Zaidi kwa sababu yuko sahihi.

Jumatano, 16 Julai

Nimesoma kutwa. Elektroni haina njia. Unaweza kusema tu wapi hupatikana sana na wapi kwa nadra. Sasa inatokaje hapa kufika pale? Swali limeninasa, hata chai imepoa.

Nimetengeneza ukungu wa kijani kuzunguka kiini. Mbaya. Umekaa tu. Na mwanafunzi akichora ukungu kwenye mtihani atapata sifuri, lawama abebe dada.

Alhamisi, 17 Julai

Mama hakubali mtu aende kwa ndugu mikono mitupu. Lazima mchele, na lazima wa Ubaruku. Nimeshuka basi Igawa kwa shingo upande, nikachepuka hadi Ubaruku, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Foleni ndefu. Nimenuna.

Bati lina tundu, jua linaingia, vumbi la pumba linaelea ndani yake. Nikajaribu kufuata chembe moja kwa macho. Imenipotea. Nyingine, nayo imepotea. Lakini palipo na vumbi zito panaonekana wazi, na palipo na jepesi pia.

Basi nimefuta pete zote. Ukigusa kioo cha simu, elektroni inanaswa mahali pamoja, inaacha nukta. Gusa tena, mahali pengine. Nimeandika programu kwenye basi mpaka Iringa, kompyuta juu ya mfuko wa mchele.

Ijumaa, 18 Julai

Kilolo, baridi kali. Wanafunzi arobaini, simu tano: yangu na nne za kuazima kwa walimu. Mwanzoni nukta zilitapakaa hovyo. Wakaanza kupiga miayo. Dada kasimama dirishani, mikono kifuani. Niliogopa kweli.

Wakaendelea kugusa. Mamia ya nukta. Zikasongamana karibu na kiini, zikapungua, zikasongamana tena nje kidogo. Msichana wa dawati la mbele akainuka taratibu. "Madam, hizi si ndiyo pete zako? Ila hazina mstari."

Dada alishika chaki, akaanza kuchora duara kama kawaida yake. Akasita. Akalifuta kwa kiganja, akaanza kugonga nukta ubaoni, moja moja, mpaka kengele ikalia.

Jumamosi, 19 Julai

Tumekula ule mchele. Dada hakusifia mchezo hata kidogo. Aliuliza kitu kimoja: kabla mtu hajagusa, elektroni iko wapi? Nikasema sijui. Akasema na yeye hajui, miaka yote hii. Akaomba simu yangu ibaki mpaka wiki ijayo, kidato cha tatu nao waone. Nikamwambia ndiyo simu pekee niliyo nayo. Alikuwa ameshaanza kugusa.

Nimefika Mbeya bila simu. Mama ameuliza kama mchele ulitosha.