Taa ya Bi Farha

Jumatatu, 5 Juni 1967

Vita! Redio ya Kairo inapiga kelele tangu asubuhi. Marhoon, mume wangu, kaigandia hiyo redio mpaka chai imepoa. Mtaani shangwe tupu—Waarabu wanashinda! Mimi nnawawaza jirani zetu, Mzee Heskel na mkewe Bi Farha. Mayahudi wa Baghdad, wazee, wanauza vitambaa hapa Maskati tangu mimi sijazaliwa. Leo duka halikufunguliwa.

Jumatano, 7 Juni

Shangwe zimekwisha, Waarabu wanashindwa. Nyuso zimekunjana, watu wananong'ona. Nimempelekea Bi Farha mkate wa kumimina, hakula. Anasema sala zao nyingine zataka wanaume kumi, na mumewe yuko peke yake. Wenziwao wote wamekwenda Bombay. "Sisi tumechelewa."

Alhamisi, 8 Juni

Dirisha lao limevunjwa kwa jiwe. Mchana kweupe!

Nikamwambia Marhoon tuwalete kwetu. Kakataa—tumekuja juzi tu kutoka Unguja, sisi wenyewe wageni, watatuita wasaliti. Nikamuuliza: na Januari ile ya mapinduzi, sisi nani alituficha? Si Mzee Pandu, Mwafrika, na wenye mapanga wamesimama mlangoni pake?

Kavaa kilemba, katoka. Karudi nao wote wawili. Mzee Heskel kakumbatia kitabu chake cha sala, basi.

Ijumaa, 9 Juni

Kabla jua kuzama Bi Farha kawasha taa yake ya mafuta, kafunika uso kwa viganja, kaomba. Sabato ikishaingia taa hiyo haizimwi, mpaka ife yenyewe. Mzee Heskel kaanza kusali, chini chini. Marhoon naye katandika msala ukumbini, Maghribi. Nyumba moja, kibla mbili!

Mara mlango ukagongwa. Wanaume, wengi. Wanasema wanajua tumeweka nani humu, na taa wanaiona.

Nikamwambia Bi Farha, "Zima!" Katikisa kichwa. Hazimi. Mimi si Myahudi—pumzi moja tu ingetosha. Nikainama. Sikuweza. Nikaja huku jikoni, naandika, maana siwezi kukaa bure.

Marhoon kenda mlangoni. "Ngojeni! Watu wanasali humu."

Mmoja wao kauliza: sala gani, na kina nani?

Marhoon kaegemeza mgongo mlangoni, nnamwona kutoka hapa. Mzee Heskel hajakatiza—sauti yake ndo inazidi kupanda. Marhoon anaisikia. Nao wanaisikia. Hamwambii anyamaze.

Komeo linatikisika. Hajawajibu ba—