Anayekuja Hutajwa Mwisho

Quitunda, Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi. Mvua inakohoa tu huko baharini, hainyeshi, haiondoki. Na moyo wangu hivyo hivyo.

Mnaonisoma humu simuni, mlionizoea kwa mizaha, mtanivumilia leo. Kidogo nilichokuwa nacho nimekimalizia darasani.

Ndiyo, darasani. Mzee mzima, niliyeacha shule ya Wareno kabla sijamaliza kukariri mito ya kwao, sasa najifunza Kiingereza pamoja na vijana wanaotaka kazi za gesi. Watu nimewaambia nami naitaka kazi hiyo. Uongo mtupu. Naenda kwa sababu darasa lile lina dirisha linaloangalia barabara ya Palma, na benchi la dirishani nimeshalimiliki.

Nakaa pale natazama nani anashuka.

Mwanangu Bakari alikwenda Palma na pikipiki yake kufuata mabati, siku ile ile mji ulipovamiwa na waasi. Hatukumwona tena, yeye wala pikipiki. Wengine waliokimbia walikuja kutokea: huyu Nangade, yule Pemba, mwingine alivuka Ruvuma akaonekana Mtwara, amenenepa na kaoa. Nikasema basi, na wangu atatokea.

Miaka sasa.

Ndugu wanataka tumsomee hitima, ili mkewe Zaituni akae eda, aikamilishe, awe huru. Yuko fundi cherehani wa Palma anamuulizia kichinichini. Nimemchunguza sana yule bwana nikimtafutia kasoro, nimeipata moja tu: anacheka kama mbuzi. Shehe anasema hitima haisomwi mpaka baba wa mtu aseme neno. Neno lenyewe nimelikalia kama kuku aliyekalia yai viza.

Zaituni naye anasoma Kiingereza. Anakaa benchi la nyuma kabisa, asije akanyoosha miguu mbele ya mkwewe.

Mwalimu wetu ni Rosalina, Mmakonde wa Mueda, mtani wangu. Leo nilipoingia akaniuliza:

"Babu, umekuja kusoma au kuchungulia njia?"

"Mwalimu, macho yangu yamezeeka. Yanasoma vya mbali tu."

Vijana wakacheka. Akaandika ubaoni: "Here comes the bus." Hilo linakuja basi. Akatueleza kwamba Waingereza wakiona kitu kiko mwendoni, sentensi wanaweza kuigeuza. Kwanza wanataja huku au kule, halafu mwendo, na mwenye kwenda wanamtia mkiani. "Down came the rain", chini ikaja mvua. "Away went the boat", ikaenda zake mashua.

Nikamwambia hilo Waingereza wasijisifie. Nyoka akiingia ndani, nani kwetu anaanza kumtambulisha nyoka? Unasikia, "Ameingia nyoka," na hilo neno la mwisho unalisikia ukiwa umeshafika uani.

"Kweli, babu," akasema. "Sasa kaa, hajaingia."

Nikakaa, lakini ile sentensi ikanikaba. Maana mimi ndimo ninamoishi. Pikipiki inavuma kule kwenye kona: huyo anakuja. Vumbi linainuka: huyo anakuja. Jina bado. Hapo kabla ya jina pana nafasi ndogo, na nafasi hiyo ndiyo nyumba yangu, si hii ya matofali tuliyopewa tulipohamishwa kupisha mradi wa gesi. Kisha vumbi linatua, anashuka mwuza vitunguu.

Kila siku Mungu ananiletea mwuza vitunguu.

Mwalimu akataka kila mtu asimame na sentensi yake. Kijana mmoja akaangusha nazi, mwingine akakimbiza mbuzi. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Here comes Bakari."

"Vizuri sana," akasema Rosalina. Kisha akakumbuka ni nani huyo. Akachukua kitambaa akaanza kufuta ubao mahali pasipoandikwa kitu.

Akafuata Zaituni.

Hapa lazima mjue jambo moja. Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina, na mbele ya mkwe ndiyo kabisa. Tangu aingie nyumbani kwangu hajawahi kumtaja; mwanangu kwake ni baba Rehema, kwa jina la binti yao. Hata tulipokuwa tunamtafuta, askari walipomuuliza mumeo anaitwa nani, alinigeukia mimi nimtajie. Binti wa watu analia, na adabu hajaiweka chini.

Akasimama. "Away went," akasema, akanyamaza.

Nikasubiri. Nikajiambia hii itakuwa mashua, au mbuzi tena. Vitu vya kwenda zake viko tele duniani.

"Away went Bakari."

Alisema akiangalia sakafu. Hakuna aliyecheka. Mwalimu hakusahihisha, maana hapakuwa na cha kusahihisha.

Kwa lugha yetu asingethubutu mpaka wanizike. Wala hakunivunjia heshima, nisimsingizie. Mimi nilisema anakuja, yeye akanijibu ameondoka, na sote wawili tukamtaja mtu yule yule.

Tukarudi nyumbani, mimi mbele, yeye nyuma, kama kawaida. Mlangoni akasema, "Baba, nisamehe. Jina limenitoka."

"Limekutoka kwa Kiingereza. Kiingereza mimi sijui, uliza mwalimu wangu."

Nusura atabasamu. Akachukua ndoo aende bombani. Sijui nini kilinisukuma, nikamwambia akiwa ameshanipa mgongo, "Yule fundi anacheka kama mbuzi."

Akasimama. Ndoo ikagonga goti lake.

"Najua, baba," akasema taratibu, akaenda.

Anajua. Kumbe amekwisha kumsikia akicheka. Na mimi nimemzuia muda wote huu akae na mimi dirishani, yeye asiyetazama njia tena.

Basi kesho, tukitoka msikitini, nitamwambia shehe asome. Nitakaa mkekani na wenzangu nile wali wa hitima ya mtoto wangu mwenyewe, bila hata kaburi la kuelekea. Nitaitikia amina. Eda itakwisha, Zaituni atakwenda Palma na Rehema wake, na hii nyumba itabaki na mimi na kuta zake. Ndiyo haki. Sijawahi kuona haki inayouma hivi.

Lakini nikishalisema hilo neno, mimi nitakuwa nasubiri nini?

Nimeikalisha simu hii gotini, naandika kwa kidole kimoja kibarazani kabla jua halijazama. Chapa ya mwisho, kibasi cha abiria kutoka Palma, imesimama pale njiani, nasikia mlango wake ukiburuzwa. Nilikuwa nimejiapiza leo sigeuzi shingo.

Nimegeuza.