Shali Nyekundu

Catskill, 9 Oktoba 1884

Mpenzi wangu Thaddeus,

Matufaha tumeshachuma, na paka amezaa ndani ya kofia yako. Jana alikuja Bwana Van Alstyne, yule anayekusanya picha zako. Akacheka: "Shemeji, mumeo kachora milima mia tatu, na kwenye kila mlima umo wewe na shali yako nyekundu!" Nikaona haya, na raha pia. Hata Colorado, ambako sijafika, ulikuwa unanibeba.

Kisha tukafungua sanduku ulilotuma mwezi huu. Picha kumi na nne. Milima ni mizuri. Mwanamke yumo katika zote, ila shali yake ni ya buluu.

Mimi sina shali ya buluu, Thaddeus.

Rudi, hata kama ni kufuata kofia yako tu.

Mimi, mkeo bado,
Lavinia