Pingamizi la Mapipa

Kisumu

Dada yangu Wambui,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na wote wanaohusika, ninakutangazia kwamba paka wetu amehama. Hakuaga. Yeye aliyekuwa akilala juu ya tanuri la mkate tangu nifungue bekari, sasa anaishi kwa fundi viatu ng'ambo ya barabara, na akiniona anageuza kichwa kama shemeji aliyenyimwa nyama.

Hujambo lakini? Goti la Mama linaendeleaje? Mvua imefika huko Nyeri, au bado mnaitazama mawinguni? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaruka. Usishangae barua kuwa ndefu, leo nina nafasi.

Unamkumbuka Ochieng, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, muuza mafuta ya taa? Mwezi uliopita alibandika tangazo kwenye lango lake la mabati: ameiomba manispaa ruhusa ya kujenga ghala la petroli, awauzie wenye boti za injini kule ufukweni Usenge. Mwenye pingamizi aandike. Nililisoma nikiwa na unga mikononi, nikalirudia. Dada, tanuri langu ni la kuni, na cheche zake zinaruka kama panzi. Tangu siku hiyo kuni zikipasuka tu, ninakimbilia mlangoni.

Kupinga nako kuliniogopesha. Mimi hapa ni mtu wa kuja, na Ochieng ana mashemeji kila kona. Nikaenda kwa Mzee Okoth, aliyestaafu kazi ya mipango ya mji na sasa ana ofisi juu ya duka la saa. Nilimweleza mpaka nikalia.

"Mama Njeri," akasema, "machozi hatuambatanishi. Unaogopa nini hasa?"

"Kuungua, Mzee."

"Hiyo hatuandiki. Tunaandika umbali."

Akaja na tepu na kile chombo cha kuchungulia chenye miguu mitatu. Hapo ndipo tulipokosea. Mtaa wetu unajua maana moja tu ya chombo hicho: tingatinga linakuja. Kabla Mzee hajafumba jicho moja achungulie, mama wa samaki alikuwa ameanza kung'oa kibanda chake, na fundi viatu anakimbia na mlango wake kichwani.

"Yawa! Nani ameleta kanjo wa manispaa?"

"Si huyu wa mikate!"

"Mama, tulikukosea nini?"

Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Ochieng alisimama langoni kwake akitabasamu. Jioni alikuja kununua mkate kama kawaida, akaubonyeza.

"Mkate wako ni moto kweli, Mama Njeri. Angalia usikuunguze."

Nilisahau hata kumfungia. Kesho yake ndipo paka alipohama.

Pingamizi lilipelekwa, limepigwa taipu, na mchoro juu yake: tanuri hapa, ghala pale. Jana Mzee Okoth alikuja mwenyewe, amevaa tai. Manispaa imemkatalia Ochieng. Tulipeana mikono, hata fundi viatu akanisamehe. Paka, hapana.

Leo asubuhi nilitoka kumwaga majivu nyuma, kwenye ule ujia mwembamba asikopita mtu. Nikaona magunia. Nikainua moja. Chini yake mapipa. Kumbe petroli haikuwa ikingoja ruhusa ya mtu, ilikuwa uani kwa Ochieng siku zote. Siku ya vipimo aliona chombo kimeelekezwa kwake, naye akaogopa kama wengine, akayahamishia mapipa mahali ambapo Mzee hakupima. Ameyapanga vizuri, yameegemea ukuta wa tanuri. Na mimi tangu siku ile nimekuwa nikioka.

Niligusa pipa moja. Lilikuwa na uvuguvugu.

Nilimwita Ochieng dirishani. "Mapipa gani, Mama?" akauliza, kwa heshima zote. Mzee Okoth nimemtumia mtu. Nahofia atakuja na tepu.

Nisalimie Mama, na shemeji fundi redio, na shangazi wa kwaya. Mwambie shangazi safari hii anitaje mimi kwenye sala kabla ya mvua. Njeri anawasalimu, nimempeleka kwa mama wa samaki, na viatu vyake vyote.

Na ile nafasi ya kuandika nimeipata kwa sababu leo sijawasha tanuri.

Mdogo wako,
Wanjiku