Mahali pa Kuificha Betri

Jumatatu, 4 Februari 2019

Daftari langu, siku thelathini na tano sijakugusa. Niwie radhi. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira, na tangu ujana nimejizuia kuandika nikiwa na hasira — mwandiko huharibika. Leo mkono umetulia. Hasira ipo palepale.

Sababu ni kiboksi.

Miaka arobaini na minne nimechora bunduki za mchezo katika karakana hii ya mtaa wa Adachi. Zinarusha vigololi vya plastiki kwa nguvu ya betri, na watu wazima huviziana nazo msituni siku za Jumapili. Mwezi ujao nastaafu. Mchoro wangu wa mwisho ni wa Nambari 14, nakala ya bunduki fupi ambayo kitako chake ni fito mbili za chuma tu. Ndani ya fito mbili huwezi kuficha betri. Basi Bi Chisato, binti wa marehemu mwenye karakana na sasa mkuu wetu, ameamua ikae katika kiboksi cheusi kilichofungwa ubavuni mwa mtutu. Nje. Kama jipu.

Mimi nimechora vingine: betri nyembamba ndani ya kishikio cha mbele, juu ya mtutu, chini ya ubao. Haionekani.

Chuma cha kalibu ya kumiminia plastiki kitaanza kukatwa Jumatano ya wiki ijayo. Mchoro wa kiboksi upo mezani kwangu, unangoja muhuri wangu. Utangoja sana.

Jumatano, 6 Februari

Kikao. Saa mbili nzima.

Bi Chisato alianza kwa upole. “Mzee Nagumo, wachezaji wa leo hawakionei haya kiboksi. Betri ikiisha wanafungua, wanabadilisha, wanarudi mchezoni.”

“Bunduki halisi haina kiboksi hicho.”

“Bunduki halisi haina betri, Mzee.”

Wakacheka. Orihara, fundi wa kalibu, rafiki yangu tangu tulipokuwa na nywele, alicheka kuwapita wote.

Nikamwambia Bi Chisato: “Ndiyo maana tunaificha. Mimi na marehemu baba yako tulianza na tangi la hewa mgongoni na mpira unaoning’inia kama wa mgonjwa wa kutiwa maji. Ilituchukua miaka kuuondoa mpira ule. Sirudi kuweka vitu nje.”

Akahamia kwenye magazini, kile kisanduku cha vigololi kinachochomekwa chini ya bunduki. Anataka ya vigololi mia nne, yenye gurudumu la kuzungusha kwa kidole. Yangu ina thelathini, sawa na ile halisi. Nikasema mia nne hulia kama njuga. Adui atakusikia kabla hajakuona.

“Na thelathini vitakwisha kabla hujamwona wewe,” akasema Orihara. Msaliti.

Niliutazama mchoro wa kiboksi. Mihuri minne imekwisha kugongwa, yote imelala kidogo kushoto, kuelekea mraba wa muhuri wa mkuu. Ndiyo adabu ya ofisini: muhuri wa mdogo humwinamia mkubwa. Wangu haujawahi kuinama. Marehemu alikuwa akinitania, “Nagumo, muhuri wako una shingo ngumu.” Hakuwahi kuukataa.

Bi Chisato amenipa hadi Jumanne jioni nimwonyeshe wazo langu kwa mfano, si kwa maneno. Ni haki. Atauona.

Ijumaa, 8 Februari

Mfano umekamilika. Nimechonga kishikio mwenyewe, kwa patasi na msasa. Betri imeingia kwa kidole kimoja, ikakaa. Pembeni mwake hapana nafasi hata ya karatasi. Nilifyatua magazini kumi mfululizo bila kukwama.

Nilimwita Orihara. Aliigeuza bunduki, akaitazama mdomoni, akaitazama tumboni.

“Betri iko wapi?”

“Tafuta.”

Hakuiona. Akanivuta mkono, “Twende, umenishinda, tambi juu yangu,” tukatoka hapohapo, mimi na koti begani kama kijana.

Sijafurahi hivi tangu marehemu afe.

Jumapili, 10 Februari

Theluji kidogo. Kesho ni sikukuu, karakana imefungwa. Nimemweleza mke wangu Fumie habari yote. Alikuwa akikata figili, hakuinua macho.

“Miaka arobaini na minne unaficha betri,” akasema, “na soksi zako zimekushinda kuzitia kabatini.”

Nikamuuliza kama nigonge muhuri wa kuinama.

“Wewe? Ungevunjika kiuno.”

Jumanne, 12 Februari

Nitaandika kwa mpangilio, maana leo mpangilio ndio ulionishinda.

Nilifika wa kwanza. Ukutani juu ya meza yangu pana ilani niliyoiandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri: Chomoa betri kabla ya kuvaa koti. Nimewakaripia watu kwa ilani hiyo miaka mingi. Ijumaa nilivaa koti, sikuchomoa.

Siku nne. Kifaa cha ndani kinachoongoza umeme kiliinyonya betri polepole hadi chini ya kiwango chake, nayo ikavimba. Mahali pengine ingevimba tu na kutupwa. Kwangu haikuwa na pa kuvimbia. Ubao umepasuka mstari mmoja, na betri haitoki — si kwa kidole, si kwa koleo. Betri za namna hii ukizilazimisha hushika moto. Nilikizika kishikio kizima ndani ya ndoo ya mchanga, nikaitoa nje uani.

Ile nafasi isiyoingiza karatasi, niliyojisifia hapa Ijumaa, ndiyo kosa lenyewe.

Hakuna aliyeniona. Kilikuwepo kishikio cha pili nilichochonga cha akiba, kizima. Betri mpya, dakika tano, na jioni ningeshinda. Siandiki kwamba sikuliwaza hilo. Nililiwaza muda wa kunywa kikombe kizima cha chai.

Bi Chisato alipoingia nikampeleka uani. Alichungulia ndoo.

“Nani aliiacha?”

“Mimi.”

“Mzee, ungekaa kimya ungeshinda.”

“Najua. Kishikio changu nimekifuta. Kiboksi chako bado sikipigi muhuri.”

“Sasa unataka nini?” Hapo sauti ilimpanda, ya baba yake kabisa.

Tukarudi ndani, nikamwekea magazini yangu mezani, nikaifungua ubavu. Vigololi thelathini hupita katika mfereji mwembamba. Sehemu iliyobaki ni tupu, na miaka yote nimeijaza kipande cha chuma ili uzito uwe wa kweli. Nikakitoa chuma. Nikatia betri ndogo na ndimi mbili za shaba. Kila mchezaji akitoka uwanjani ni sheria achomoe magazini. Akiichomoa, umeme umekatika. Hakuna wa kusahau, hata mzee mwenye koti begani. Ikivimba, ubavu unafunguka.

“Na mia nne vyangu?”

“Havina nafasi.”

“Mtu ana magazini sita. Anunue betri sita?”

“Ndogo sita. Kila moja ya vigololi thelathini tu.”

Orihara, aliyekuwa amefika, akasema kalibu ya magazini itabidi ianze upya, na maonyesho ya Shizuoka ni Mei. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba anaweza.

Nilichora hadi saa kumi na moja jioni, nikagonga muhuri wangu. Wima. Bi Chisato alikunja michoro yote miwili, wa kiboksi na huu wa magazini, akaitia katika mkoba wake. Mlangoni aligeuka.

“Muhuri wako, Mzee, hata ukiwa na kosa hauinami?”

“Nilipokosa nimekwambia kwa mdomo wangu. Muhuri ni wa mchoro.”

Chuma kitakatwa kesho saa tatu asubuhi. Katika mchoro wa magazini mraba wa mkuu ni mtupu, bado hajagonga muhuri wake. Akiujaza au akiuacha hivyo, nitaliandika hapa kesho, liwe la kunifurahisha au la, na kwa mwandiko huuhuu.