Nilimkimbilia Mhindi, Ikaja Mvua

Mama Rehema, mke wangu, nakusalimu kutoka ugenini Remera, nimelowa chapachapa na lugha za huku zimenichosha. Tulikuwa tunamsubiri Mhindi alete mabati ya nyumba tunayojenga. Leo mama jirani akapaza sauti, “Fundi, umuhindo waje!” Nikajua Mhindi kafika, nikatupa mwiko, nikakimbilia barabarani nisipishane na gari lake. Kumbe umuhindo kwao ni msimu wa mvua! Ikamwagika, na ukuta wangu wa tofali mbichi, ambao sikuufunika, ukalala chini wote. Jirani anacheka tu: “Fundi, Muhindi yako iko wapi?” Kesho naanza upya. Wewe huko ukisikia ngurumo, anua mihogo kwanza, usingoje mtu akuambie. Mpakate Rehema kwa niaba yangu.

Mumeo mwenye matope